Bwana Sars na uzima ulio ndani ya matope makavu



Kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu wenye sifa tumezoea kusoma habari za wafalme, majenerali na watu wa siasa. Safari hii sisi tumechagua mtu asiyepiga vita hata moja. Vyombo vyake vilikuwa beseni ya maji, mikroskopi na kalamu ya kuchora. Jina lake ni Georg Ossian Sars, mwana wa nchi ya Norwe, kule kaskazini ya Ulaya kwenye baridi kali.

Juu ya nini tumemchagua huyu? Sababu alishughulika na ulizo ambalo watoto wengi wa kwetu wamekwisha kujiuliza. Wakati wa kiangazi kidimbwi kinakauka kabisa. Udongo unapasukapasuka, mbuzi wanapita juu yake, watu wa baiskeli wanapita. Halafu mvua inarudi, na kisha siku chache tu ile maji imejaa vidudu vidogo vinavyorukaruka. Vimetoka wapi? Wengine wanasema vimeanguka pamoja na mvua. Wengine wanasema matope yenyewe ndiyo imezaa. Bwana Sars hakubishana na watu kwa maneno mingi. Alichukua matope makavu, akayatia maji, akakaa kuangalia.

1. Mtoto wa mchungaji

Georg Ossian Sars alizaliwa tarehe 20 Aprili 1837 katika parokia ya Kinn, kwenye pwani ya magharibi ya Norwe. Baba yake, Michael Sars, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Kisha Kinn alihamia parokia ya Manger, na huko ndiko mtoto alikomea. Siku ya Mungu mchungaji alihubiri. Siku zingine, akipata nafasi, alishuka baharini kutafuta konokono, nyota za bahari na wanyama wengine wadogo ambao watu hawakuwahesabu kuwa kitu. Kazi yake ilijulikana mbali hata mwaka 1854 akaitwa kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika mji mkubwa wa Christiania, ambao tangu 1925 unaitwa Oslo.

Jamaa hii ilitoa watu wenye sifa. Mtoto mmoja, Ernst, alikuwa mwandishi mkubwa wa historia ya Norwe. Dada yao Eva alikuwa mwimbaji, na mwaka 1889 aliolewa na Fridtjof Nansen, yule msafiri wa barafu ya kaskazini ambaye mwaka 1922 alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Georg Ossian yeye alirithi macho ya baba yake. Tangu ujana alijua kuchora vizuri sana, na alichora picha kwa ajili ya vitabu vya mzee.

Alisoma kwanza Bergen, halafu Christiania, na mwaka 1857 akaingia universite. Hapa wadogo zetu wasikilize vizuri. Alikuwa anasoma udaktari. Lakini saa za kupumzika alichukua wavu mdogo, akaenda kwenye maziwa na madimbwi ya karibu na mji kuvua viroboto wa maji, wale vidudu ambao wenye elimu wanaita Dafnia. Siyo viroboto vya kweli. Ni ndugu ya kaa na kamba, wenye gamba laini na miguu mingi, lakini wadogo hata ukubwa wao ni sawasawa na punje ya chumvi au ya mtama. Aliongozwa na vitabu vya profesa Wilhelm Lilljeborg wa Uswidi, naye akaona namna ambazo hakuna mtu aliyekwisha kuziandika. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya elimu. Hakuwa daktari wa watu. Karibu na mlango wake tu alikuwa amepata kazi ya maisha yote.

2. Mtumishi wa Leta

Mwaka 1864 Leta ya Norwe ilimtuma visiwa vya Lofoten kuchunguza samaki wa kodi. Watu wa pwani ile waliishi kwa samaki huyo. Mwaka mmoja alikuja kwa wingi, mwaka mwingine alikosekana, na njaa ikaingia nyumbani. Wakati ule watu waliamini kwamba mayai ya samaki yanalala chini ya bahari. Bwana Sars alipitisha wavu juu ya maji na kuona mayai ya kodi yanaelea, yanapelekwa na mawimbi huku na huko. Tangu siku zile wavuvi na wenye elimu walianza kufahamu kwamba mavuno ya miaka inayokuja inategemea hali ya maji ambamo mayai na vitoto vinaelea, na vidudu vidogo ambavyo vitoto vinakula.

Huko Lofoten alivuta pia wanyama kutoka kilindi kirefu cha bahari. Mmoja wao alikuwa wa jamii ambayo watu waliijua zaidi kwa mawe ya zamani. Habari hii ilisaidia kuwasukuma Waingereza kutuma meli Challenger kuzunguka bahari za dunia tangu 1872 mpaka 1876. Meli iliporudi, sehemu ya wanyama wake ilipelekwa kwa Bwana Sars ili aandike habari zao. Mwaka 1874 alikuwa amekwisha kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Christiania, kama baba yake aliyekufa 1869.

3. Matope kutoka Australia

Sasa tufike kwenye kazi iliyotufanya tumwandike hapa. Mu-Norwe mmoja, Carl Lumholtz, alisafiri Australia tangu 1880 mpaka 1884. Alikaa kwa muda karibu na kiziwa cha Gracemere, katika jimbo la Queensland. Matope makavu ya kiziwa hicho yalipelekwa Norwe. Fikirini safari ile: majuma na majuma ndani ya meli, kwenye ncha nyingine ya dunia, bila tone la maji.

Bwana Sars alivunja ile matope, akaiweka ndani ya chombo, akamimina maji safi, akaacha mwangaza uingie. Kila siku aliangalia. Kisha muda, viumbe vya Australia vilianza kuogelea ndani ya nyumba ya Christiania. Vilikula, vikakomaa, vikazaa. Hivi aliweza kuvichora vikiwa hai, na rangi zao na mwendo wao. Mwaka 1885 aliandika kitabu juu yao, na kiroboto kimoja cha maji chenye mwiba mrefu kichwani na mkiani alikiita Daphnia lumholtzi, kwa heshima ya rafiki aliyesafiri.

Hakuwa mtu wa kwanza kulowesha matope makavu. Lakini yeye alifanya hivyo kwa uvumilivu na utaratibu, mwaka kwa mwaka, hata ikawa njia ya elimu. Watu walimpelekea matope kutoka Sydney, kutoka Afrika ya Kusini, kutoka Amerika ya Kusini. Kazi zake juu ya viumbe vya matope ya Afrika ya Kusini zilitoka 1895 na 1898, na zile za Amerika ya Kusini 1901. Mwaka 1887 aliandika juu ya kinyama chenye magamba mawili kama chaza, kilichotoka ndani ya matope ya Australia. Jina lake Cyclestheria hislopi linakumbusha Stephen Hislop, mmisionari Mprotestanti kutoka Scotland aliyefundisha shule katika mji wa Nagpur, India. Mtu wa shule ya misheni naye alikuwa na macho ya kuona kilichomo ndani ya maji ya njia.

4. Namna gani uzima unajificha

Basi, ni kitu gani kinachokaa ndani ya matope? Ni mayai. Siku zikiwa nzuri, Dafnia jike anazaa majike wengine bila dume, na kidimbwi kinajaa upesi. Maji yakipungua au chakula kikikosekana, madume wanazaliwa, na majike wanatengeneza mayai ya namna nyingine, kwa kawaida mawili, ndani ya gamba gumu lenye umbo kama tandiko la farasi. Kamba wadogo wa madimbwi, wale wanaoogelea tumbo juu, wanataga pia mayai yenye ganda gumu. Kitoto kinaanza kukua ndani ya yai, halafu kinasimama. Maji karibu yote yanatoka ndani yake. Hakipumui kwa namna ya kuonekana, hakili, hakiendi. Kinangoja. Jua, baridi na vumbi haviwezi kukiua upesi. Upepo unakipeleka, miguu ya ndege inakipeleka, hata tembo anayejigaragaza matopeni na kujisugua kwenye mti anakipeleka.

Tena iko jambo moja la ajabu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mayai yote hayaanguliwi. Sehemu inaanguliwa, sehemu nyingine inabaki imelala. Mama zetu wa shamba wanafahamu hekima hii bila kufundishwa na profesa. Mwezi wa tisa mvua inaweza kunyesha siku mbili, halafu jua likarudi majuma matatu. Mwanamke mwenye akili hapandi mbegu zote kwa mvua ile ya kudanganya. Anaacha zingine ndani ya kapu. Matope ya kidimbwi ni kapu la mbegu.

Viumbe hivi vina faida gani? Vinakula majani madogo sana ya maji na kusafisha maji. Bata, korongo na ndege wengine wanavila. Wengine wao wanakula hata mabuu ya mbu. Wanapenda madimbwi yanayokauka sababu samaki hawezi kukaa mule. Lakini bei ya usalama huo ni mbio: lazima kuanguliwa, kukua na kutaga kabla maji haijaisha.

5. Hatari ya siku zetu

Hapo ndipo mabadiliko ya hali ya hewa yanaingia. Dunia ikipata joto zaidi, maji ya kidimbwi yanakauka upesi zaidi. Mahali pengi mvua inakawia, au inakuja kwa nguvu siku moja na kukatika. Kwa kidimbwi hesabu ni nyepesi. Kamba mdogo akihitaji siku saba ili atage, na maji ikikaa siku kumi, kapu linajazwa. Maji ikikaa siku tano, wote walioanguliwa wanakufa bila kuacha kitu, na kapu limepunguzwa. Mwaka mmoja wa namna ile hauharibu. Miaka mingi ikifuatana, kapu linakwisha polepole, na kwa macho hakuna anayeona, sababu matope ni yaleyale.

Watafiti wa universite ya Leuven, Ubelgiji, wamefanya kazi kwa miaka kwenye madimbwi madogo ya juu ya mawe ya mlima Korannaberg, Afrika ya Kusini. Humo anaishi kamba mdogo anayeitwa Branchipodopsis wolfi, ambaye anakomaa kwa muda wa karibu juma moja tu. Walipima siku ambazo maji inakaa. Hesabu zao zinaonyesha kwamba hewa ikizidi kuwa na joto na ukavu, madimbwi mengine hayatashika maji muda wa kutosha hata kwa mwenye mbio kama huyu.

Kwa upande mwingine, njia ya Bwana Sars ndiyo leo inasaidia kupima hatari yenyewe. Matope ya chini ya ziwa yanalala tabaka juu ya tabaka, sawasawa na kurasa za kitabu. Anayeamsha mayai ya tabaka la chini anaongea na wazee, anayeamsha ya juu anaongea na wajukuu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wameangua mayai ya Dafnia yenye karibu miaka 700, kutoka ziwa moja la Minnesota. Na mwaka 2015 wengine walilinganisha Dafnia wa ziwa moja la Uingereza: waliotoka mayai ya miaka 1955 mpaka 1965, na waliotoka mayai ya miaka 1995 mpaka 2005. Wajukuu walivumilia joto kuliko wazee. Kwa miaka 40 tu jamii ile ilikuwa imebadilika kufuatana na joto la maji.

Hii ni habari njema, lakini siyo ya kutufanya tulale. Jamii inaweza kubadilika kama mayai yangali mengi na namna mbalimbali zingali ndani ya kapu. Kapu likiwa tupu, hakuna wa kuchagua. Tena wengine wanapata faida kwa hasara ya wenzao. Ile Daphnia lumholtzi ya Bwana Sars, ambayo kwa asili iko Afrika, Asia na Australia, mwanzo wa miaka ya 1990 ilionekana ndani ya mabwawa ya Marekani, imepelekwa na kazi za watu. Inaongezeka hasa wakati wa joto, Dafnia wa kule wanapopungua, na ile miiba yake mirefu inawasumbua samaki wadogo wanaotaka kuila.

6. Bwana Sars na Tanganyika yetu

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu, sisi inatuhusu nini? Wajue hivi. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza W. A. Cunnington alikusanya viumbe vya Ziwa Tanganyika. Vile vinyama vidogo vinavyoitwa kopepodi vilipelekwa kwa Bwana Sars, na kazi yake juu yao ilitoka 1909. Mmoja aliyepewa jina na yeye, Tropodiaptomus simplex, ni chakula kikubwa cha ndagala. Kila anayekula ndagala Uvira, Kalemie, Bujumbura au Kigoma, anakula kwa mkono wa kidudu kile. Na mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba ziwa limepata joto, kwamba maji ya juu na ya chini haichanganyiki vizuri kama zamani, na kwamba chakula cha kwanza cha ziwa, yaani majani madogo ya maji, kimepungua kwa karibu asilimia 20. Chakula cha kidudu kikipungua, kidudu kinapungua. Kidudu kikipungua, ndagala naye atatoka wapi?

Bwana Sars aliandika juu ya viumbe vya ziwa letu akiwa mbali, kutoka ndani ya chupa. Sisi tunakaa karibu, na wengi wetu hatujaangalia hata mara moja.

7. Mwisho wake, na neno kwetu

Mzee Sars alifanya kazi mpaka uzee. Kitabu chake kikubwa juu ya jamii ya kaa na kamba wa Norwe kilianza kutoka 1890. Kilifika vitabu 9, na picha alizichora yeye mwenyewe. Sehemu ya mwisho ilitoka 1928, yeye akiwa hayupo. Alikufa Oslo tarehe 9 Aprili 1927. Zilibaki siku 11 tu atimize miaka 90.

Sisi wa darasa la sita tunaona mambo mawili katika maisha yake. La kwanza, hakungoja kupata laboratwari kubwa ili aanze. Kila mmoja wetu anaweza kuchukua vikombe viwili vya matope makavu ya kidimbwi, kuyaweka ndani ya chombo cheupe, kumimina maji ya mvua (maji ya bomba inaweza kuwa na dawa), kuweka kwenye mwangaza lakini siyo kwenye jua kali, na kuangalia kila siku kwa majuma mawili. Aandike siku ya kwanza ya kuona mwendo, na mpaka siku gani maji inabaki ndani ya kidimbwi chenyewe kule nje. Mikono inawe na sabuni. Tukiandika hivyo kila mwaka, darasa moja likiachia lingine daftari, kisha miaka kumi shule yetu itakuwa na hesabu yake yenyewe juu ya mvua na madimbwi ya kwetu, na haitaazima maneno ya wengine.

La pili, kidimbwi kikavu siyo jalala. Tunapotupa ndani yake plastiki, mafuta ya pikipiki na betri za zamani, tunatia sumu kapu la mbegu wakati mwenyewe amelala. Joto la dunia sisi wanafunzi hatuwezi kulizuia peke yetu. Lakini kidimbwi kilicho nyuma ya kiwanja cha mpira tunaweza kukilinda, na mvua ya mwezi wa tisa ikija tutaenda kuona ni nani ameamka.